Kukusanya chapa za kale za sanaa na miungu ya Roma: anza na sanamu moja

Januari 1506, katika shamba la mizabibu karibu na kanisa la Santa Maria Maggiore mjini Roma, ilifukuliwa sanamu ya marumaru ya baba na wanawe wawili wakiwa wamesongwa na nyoka. Huyo baba ni Laokoon, kuhani wa Troya anayesimuliwa na Virgil, mshairi wa Roma ya kale, katika utenzi wake wa Aeneid. Michelangelo alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kwenda kuitazama. Papa Julius II akainunua na kuiweka Belvedere, Vatikani, na habari zake zikaenea Ulaya nzima.

Wengi waliosikia habari hizo hawakufika Roma maisha yao yote. Waliijua sanamu kwa karatasi. Fundi alikaa mbele yake akaichora, mwingine akauchonga mchoro huo juu ya bamba la shaba, bamba likapakwa wino na kushindiliwa juu ya karatasi iliyoloweshwa, kisha karatasi ikasafiri hadi Paris, Antwerp na London. Karatasi hizo, nitakazoziita chapa, bado zipo. Baadhi zimefungiwa katika majumba ya makumbusho, lakini nyingi ziko sokoni, na si zote zinazohitaji utajiri.

Ninachotaka ukikamate kabla ya kutoa fedha ni hiki: unaponunua chapa hununui picha tu. Picha ya Laokoon unaweza kuipata bure kwenye simu. Unanunua karatasi fulani iliyopita chini ya bamba fulani siku fulani, na thamani yote imo katika kujua siku hiyo ilikuwa lini na bamba lilikuwa na hali gani. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinahusu kuisoma karatasi.

Hatua ya 1: Chagua sanamu moja, au mungu mmoja

Anayeanza hununua kila kinachompendeza: leo hekalu, kesho Venus, keshokutwa ramani. Baada ya mwaka ana rundo la karatasi lisilomfundisha chochote. Chagua kitu kimoja ukifuate karne hadi karne, maana jicho hukomaa kwa kulinganisha, na huwezi kulinganisha Venus na ramani.

Mimi nilimchagua Laokoon, na ngoja nikuonyeshe faida yake. Sanamu ilipofukuliwa, mkono wa kulia wa baba haukuwapo. Marco Dente, mchonga bamba aliyefariki 1527, aliichonga ikiwa bado haina mkono huo. Baadaye mafundi wakaiwekea mkono ulionyooshwa juu kama wa shujaa, na hivyo ndivyo utakavyoukuta katika chapa za karne ya 17 na 18. Mkono wa asili ulikuja kutambuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Ludwig Pollak, aliyeukuta kwa mchonga mawe mjini Roma. Umekunjwa nyuma ya kichwa, mkono wa mtu anayeumia, na ulirudishwa mahali pake mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo mkono peke yake unakupa kidokezo cha wakati mchoro ulipofanywa, ingawa usisahau kwamba wachongaji walinakiliana sana, na mtu wa 1650 aliweza kunakili chapa ya 1520 bila kuiona sanamu.

Kuna kidokezo kingine. Katika sanamu yenyewe, ukisimama mbele yake, mtoto mdogo anayekata roho yuko kushoto kwako na kaka yake yuko kulia. Bamba linapochapa hugeuza picha kama kioo. Mchongaji makini aliuchora mchoro kinyume juu ya shaba ili utoke sawa karatasini. Aliyekuwa na haraka, au aliyenakili chapa ya mwenzake, aliuacha ugeuke. Ukiona mtoto mdogo yuko kulia, jiulize kama hii ni nakala ya chapa nyingine.

Kama Laokoon hakuvutii, wapo wengine wenye njia ndefu kama yake: Apollo wa Belvedere, Venus wa Medici, farasi wa Marcus Aurelius, au Hercules wa Farnese, ambaye sasa yuko Makumbusho ya Akiolojia ya Napoli. Hendrick Goltzius wa Haarlem alimchonga Hercules huyo baada ya safari yake ya Roma ya 1590 na 1591, akimwonyesha kwa mgongo huku watu wawili wakimwinulia macho kutoka chini. Ile chapa nimeiona katika chumba cha kusomea cha makumbusho na sikuweza kuinuka kitini kwa nusu saa. Mstari wake unaanza mwembamba kama unywele, unanenepa unapopita juu ya msuli, kisha unakonda tena.

Anayependa hadithi kuliko sanamu amfuate mungu. Msomaji wa Kiswahili hapa ana mlango wake, kwa sababu miungu wa Roma tunawajua angani: Zuhura ndiye Venus, Mirihi ndiye Mars, Mushtarii ndiye Jupiter, Utaridi ndiye Mercurius na Zohali ndiye Saturnus. Wachongaji wa karne ya 16 waliwachora hivyohivyo, kama sayari, kila mmoja na watu wanaotawaliwa na nyota yake. Ili uwatambue bila kusoma jina, angalia wanachoshika: tai na radi ni Jupiter, tausi ni Juno, bundi ni Minerva, kofia yenye mabawa na fimbo ya nyoka wawili ni Mercurius, mwezi mwandamo juu ya paji la uso ni Diana, na mundu wa kuvunia ni Saturnus. Na kisima cha hadithi zenyewe ni Metamorphoses, utenzi wa Ovid, mshairi mwingine wa Roma. Antonio Tempesta peke yake aliitolea mfululizo wa chapa 150 mwaka 1606.

Hatua ya 2: Zoeza jicho kuutambua mstari

Nunua lenzi ya kukuzia mara kumi, ile ya masonara. Ni kifaa cha bei ndogo na ndicho kitakachokuokolea fedha nyingi.

Chapa nyingi utakazokutana nazo ni za shaba, na shaba huchorwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni burini, patasi nyembamba ya chuma inayosukumwa kwa kiganja na kung'oa uzi wa shaba. Mstari wake ni safi, na ncha zake huchongoka pale chombo kilipoingia na kutoka. Njia ya pili ni tindikali: bamba hupakwa nta, msanii akakwaruza nta kwa sindano, kisha tindikali ikala shaba palipokwaruzwa. Mstari wa tindikali uko huru kama wa kalamu, ncha zake ni butu, na unene wake haubadilikibadiliki sana. Goltzius ni wa burini, Piranesi, tutakayekutana naye katika Hatua ya 5, ni wa tindikali. Wengi walichanganya zote mbili katika bamba moja, wakianza na tindikali na kumalizia kwa burini.

Kwa njia zote mbili wino hukaa ndani ya mfereji na karatasi huuvuta kutoka humo, kwa hiyo mstari mweusi huinuka kidogo juu ya karatasi. Weka chapa mezani, zima taa ya juu, mulika tochi kutoka ubavuni: utauona mwinuko huo. Utaona pia ukingo wa bamba, yaani mstatili uliobonyea kuizunguka picha. Chapa za karne ya 16 na 17 mara nyingi zimekatwa hadi kwenye ukingo huo kwa sababu wakusanyaji wa zamani walizibandika kwenye albamu, kwa hiyo kukosekana kwake si ushahidi wa uongo. Kuwapo kwake nako si ushahidi wa kutosha, kwani ukingo unaweza kubonyezwa baadaye juu ya nakala ya kiwandani.

Ukiona vitone vidogo vilivyojipanga kama wavu, iache. Hiyo ni picha ya mashine ya uchapaji, hata kama karatasi imekuwa ya kahawia. Nakala zilizotolewa kwa kupiga picha chapa ya kale na kuihamishia kwenye bamba la shaba, kazi iliyoshamiri Paris katika karne ya 19, zinahitaji umakini zaidi. Hizo hazina vitone, zina ukingo wa bamba, na zinapendeza. Karatasi ndiyo huzitoa siri.

Hatua ya 3: Soma maneno ya chini

Chini ya picha utakuta Kilatini kifupi. Si lazima ukijue chote. Andika haya kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako:

- *invenit* au *inv.*: aliyebuni picha
- *pinxit*: aliyeipaka rangi kama mchoro wa ukutani au turubai
- *delineavit* au *del.*: aliyeichora kwa kalamu ili ichongwe
- *sculpsit*, *sculp.*, *sc.* au *incidit*: aliyeichonga kwenye bamba
- *fecit*: aliyeifanya, mara nyingi kwa tindikali
- *excudit*, *exc.* au *formis*: mchapishaji, mwenye bamba

Herufi U huandikwa V, hivyo VENVS na MERCVRIVS zisikutishe.

Neno la mwisho katika orodha ndilo muhimu kuliko yote kwa mkusanyaji. Mabamba yalirithiwa, yaliuzwa na kuibwa, na kila mmiliki mpya alichonga jina lake. Antonio Lafreri, Mfaransa aliyefungua duka la chapa Roma na kufariki 1577, ndiye mfano bora. Aliuza picha za majengo, sanamu na michongo ya Roma, na katika miaka ya 1570 akatoa ukurasa wa jina, Speculum Romanae Magnificentiae, ili wateja wafunge karatasi walizozichagua wenyewe. Ndiyo maana hakuna vitabu viwili vya Speculum vinavyolingana. Alipofariki, mabamba yakagawanywa kwa warithi na wafanyabiashara. Ukiona chapa yenye tarehe ya 1550 na chini yake jina la mchapishaji Orlandi na mwaka 1602, bamba ni la 1550 lakini karatasi yako haiwezi kuwa ya kabla ya 1602. Muuzaji ataandika 1550, lakini wewe lipa bei ya chapa ya 1602.

Hatua ya 4: Inua karatasi ielekee dirishani

Karatasi ya Ulaya kabla ya katikati ya karne ya 18 ilitengenezwa kwa matambara ya kitani juu ya chekeche la nyaya. Ukiielekeza kwenye mwanga utaona mistari myembamba iliyosongamana, na mingine iliyoachana kwa sentimita mbili au tatu ikiikata. Wakati mwingine utaona alama ya maji, sawa na ile ya noti: nanga, ua la yungiyungi, ndege juu ya vilima vitatu. Kuanzia 1757, James Whatman wa Uingereza alipotoa karatasi laini isiyo na mistari kwa ajili ya kitabu cha Virgil kilichochapwa na Baskerville, aina hiyo ya pili ikaanza kuenea polepole.

Hesabu basi ni rahisi. Chapa inayodaiwa kuwa ya 1600 ikiwa juu ya karatasi laini isiyo na mistari si ya 1600. Kinyume chake hakithibitishi kitu, kwa kuwa karatasi yenye mistari inatengenezwa hata leo.

Tazama pia weusi wa wino na mistari myembamba ya anga na vivuli. Shaba ni laini. Kila inapofutwa wino na kupita kwenye mashine huchakaa, na mistari myembamba ndiyo inayotangulia kufa. Chapa ya mapema ina weusi wenye kina na mpito wa taratibu kutoka mwanga hadi giza. Ya mwishomwisho ina uso wa kijivu, kama khanga iliyofuliwa mara nyingi.

Hatua ya 5: Jihadhari na bamba lisilokufa

Hapa nizungumze kwa urefu, kwa kuwa hapa ndipo nilipoumia.

Giovanni Battista Piranesi (1720–1778) ndiye jina linalotafutwa zaidi katika uwanja huu. Vedute di Roma, mandhari zake za Roma, ni takribani mabamba 135 makubwa aliyoyafanya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1740 hadi kufa kwake. Antichità Romane yake ya 1756 ina juzuu nne. Kuna pia kitabu chake cha vasi na vinara vya marumaru, ambacho kwa mpenda sanamu ni hazina. Alipofariki, wanawe waliendelea kuchapa, kisha wakayahamishia mabamba Paris. Huko yalichapwa tena na tena, mwisho na kampuni ya Firmin-Didot katika miaka ya 1830, halafu serikali ya Papa ikayanunua na kuyarudisha Roma. Yapo huko hadi leo, katika Istituto Centrale per la Grafica, na yalichapwa hata katika karne ya 20.

Sasa fikiria: bamba ni la Piranesi, mkono ni wa Piranesi, lakini karatasi inaweza kuwa ya 1750 au ya wakati wa babu yako. Muuzaji mmoja aliniuzia chapa ya Safu ya Trajan, ile nguzo ndefu ya Roma yenye michongo, akisema ni "Piranesi halisi, karne ya 18". Neno "halisi" lilikuwa kweli kwa bamba. Ilipofika nikakuta karatasi nzito, nyeupe, laini, mawingu yamefifia, na pembeni namba ambayo haimo katika chapa za awali za bamba hilo. Nilikuwa nimelipa mara nne ya thamani yake. Ningalilinganisha picha ya muuzaji na ya makumbusho kabla ya kulipa, ningaliiona namba ile kwa dakika moja.

Fanya hivyo kila mara. British Museum, Metropolitan Museum ya New York na Rijksmuseum wameweka maelfu ya chapa kwenye intaneti bure, na Chuo Kikuu cha Chicago kimeweka mkusanyiko wake wa Speculum. Tafuta chapa yako, pima urefu na upana wa ukingo wa bamba kwa milimita, linganisha. Tofauti ya milimita mbili tatu inaweza kuwa ni karatasi kunywea ilipokauka. Sentimita nzima ni bamba jingine. Kisha angalia maneno, namba na mistari kimoja kimoja. Kwa wachongaji wa kabla ya karne ya 18, orodha ya Adam von Bartsch, juzuu 21 zilizotoka kati ya 1803 na 1821, bado ndiyo inayotajwa na wauzaji. Kwa Vedute za Piranesi ni orodha ya Arthur Hind ya 1922. Muuzaji anapoandika "Hind" na namba, ichukue namba hiyo ukaihakiki mwenyewe.

Hatua ya 6: Nunua kwa utulivu

Usianzie kwa Piranesi wala kwa Goltzius. Anza na kurasa za Bernard de Montfaucon, mtawa wa Paris aliyekusanya picha za mambo ya kale katika L'Antiquité expliquée, juzuu 15 zilizotoka kati ya 1719 na 1724. Uchongaji wake si wa kusisimua, lakini karatasi ni ya kweli, kurasa zipo tele, na moja hupatikana kwa makumi ya euro. Ukikosea umepoteza kidogo. Ukishazoea, panda kwa François Perrier, aliyetoa sanamu mia moja za Roma mwaka 1638, kwa Pietro Santi Bartoli, aliyechonga michongo ya Safu ya Trajan, au kwa Raccolta, kitabu cha chapa za sanamu cha Domenico de Rossi cha 1704, ambayo Laokoon yumo. Antichità di Ercolano, kitabu cha kifalme cha Napoli kilichoanza 1757 kuonyesha michoro ya ukutani iliyofukuliwa chini ya majivu ya Vesuvio, kina kurasa za wacheza ngoma na miungu ya bahari zinazopendeza kuliko bei yake.

Kuna jambo linaloniuma. Kurasa nyingi za aina hii zimetoka katika vitabu vilivyokatwakatwa, kwa kuwa kurasa mia zikiuzwa moja moja huleta fedha kuliko kitabu kizima. Vingi vilikatwa zamani na hatuwezi kuvirudisha. Lakini muuzaji akikuonyesha ukurasa ambao ukingo wake wa kushoto ni mweupe na umekatwa kwa wembe juzi, mimi nakuomba usiununue.

Nunua kwa wauzaji walio wanachama wa ILAB au IFPDA, vyama vya kimataifa vya wauza vitabu vya kale na chapa, kwani hao hupokea chapa iliyorudishwa kama maelezo hayakuwa kweli. Ukiwa Roma, pita soko dogo la Largo della Fontanella di Borghese; ukiwa Paris, pita masanduku ya wauza vitabu kando ya mto Seine, ila uende na lenzi mfukoni. Ukinunua kwa mbali, omba picha tano: mbele, nyuma, dhidi ya dirisha, kwa mwanga wa ubavuni, na moja yenye rula. Ya nyuma ndiyo wanayosahau kuituma, na huko nyuma ndiko kuna viraka, gundi, na mihuri ya waliowahi kuimiliki. Mihuri hiyo itafute katika orodha ya Frits Lugt, ambayo sasa iko kwenye intaneti bure.

Rangi ikuzindue. Chapa za sanamu za Roma kwa kawaida zilitoka nyeusi tupu. Zilizopakwa rangi angavu mara nyingi zimepakwa miaka ya karibuni ili zivutie ukutani.

Hatua ya 7: Ifikishe nyumbani na uitunze

Omba ifungwe bapa kati ya mbao mbili nyepesi au makadi magumu, isikunjwe. Kwenye fomu ya forodha iandikwe wazi: chapa asili yenye umri unaozidi miaka 100, namba 9702.10. Hiyo ndiyo namba yake katika mfumo wa kimataifa, na ikiandikwa tu "picha" utabishana na afisa kwa saa nzima. Kama inatoka Italia, mwulize muuzaji kabla ya kulipa kuhusu kibali cha kuitoa nchini.

Ikifika, usiilamineti. Nasema hili kwanza kwa sababu kwetu kila karatasi ya maana hupelekwa kulaminetiwa, kuanzia cheti cha kuzaliwa. Plastiki ile ya moto haitoki tena na chapa itakuwa imekufa. Usitumie selotepu, wala gundi ya mbao, wala usikubali fundi wa fremu aigandamize juu ya hadibodi. Hadibodi ina asidi inayoiunguza karatasi taratibu hadi iwe rangi ya chai. Dai kadi isiyo na asidi mbele na nyuma, na chapa ishikwe juu kwa vipande viwili vidogo vya karatasi ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ambavyo hutoka kwa maji. Kioo kisiiguse.

Anayeishi Mombasa, Tanga au Zanzibar ana adui mkubwa kuliko jua, nao ni unyevunyevu. Ukizidi, madoa ya kahawia huchipuka ndani ya karatasi na ukungu hufuata. Usitundike kwenye ukuta wa nje wala ukuta wa bafu. Zile ambazo hazipo ukutani ziweke bapa katika sanduku lisilo na asidi, juu ya rafu na si chini ya kitanda, pamoja na vifuko vya silika unavyovibadilisha, na ufungue sanduku kila mwezi uangalie nondo na mchwa. Bara, kama Nairobi au Arusha, kazi ni nyepesi zaidi, lakini jua la dirishani ni lilelile. Zilizo ukutani zizungushe: miezi mitatu nje, kisha zirudi gizani.

Mwisho, kwa penseli laini, nyuma kwenye kona ya chini, andika namba ndogo. Katika daftari, mbele ya namba hiyo, andika mchongaji, mchapishaji, vipimo vya bamba, alama ya maji kama ipo, ulinunua wapi, lini na kwa kiasi gani, na jambo moja uliloliona kwa lenzi ambalo muuzaji hakulitaja. Daftari langu lina Laokoon kumi na mmoja. Watatu wamegeuka, mmoja hana mkono.